Je, wajua kwa nini paa la yurti haliporomoki ingawa halina nguzo?

Yurti ni nyumba ya duara ya wafugaji wahamaji wa Asia ya Kati. Ukuta wake ni kimia cha fito nyembamba zilizopishana, na mara nyingi katikati hakuna nguzo hata moja. Siri iko kwenye mkanda unaouzunguka ukuta kwa juu.

Paa ni makombamoyo yanayopanda kutoka ukutani hadi kwenye pete ya mbao kileleni. Pete haiwezi kushuka bila kuzisukuma nje ncha za chini za makombamoyo, na mkanda ndio unaozizuia. Hivyo pete inabanwa, mkanda unavutwa, na ukuta unabakiwa na mzigo wa kwenda chini tu. Fito za unene wa kidole zinaumudu.

Chukua yurti ya kipenyo cha mita 6, yaani takriban mita 28 za mraba, yenye pete ya mita 1.2. Kwa mteremko wa nyuzi 30, kila kombamoyo ni mita 2.77 hivi, kabla ya kuongeza kipande kinachozama kwenye tundu la pete. Ukilaza paa hadi nyuzi 15 utapunguza mbao kidogo, lakini uzito uleule utausukuma mkanda kwa nguvu zaidi ya mara mbili.

Wajenzi wa siku hizi hutumia kebo ya chuma. Nailoni hurefuka, na mkanda ukilegea ukuta hutanuka, pete ikainama. Penye udhaifu zaidi ni mlangoni, kimia kinapokatika: kebo ipite juu ya fremu, au ifungwe kwa bolti kwenye miimo yote miwili. Kizingiti cha juu kikiwa na viungo hafifu, miimo huachana taratibu. Utajua siku komeo litakapokuwa halifiki kwenye tundu lake.

Sakafu nayo isitokeze nje ya ukuta hata kidogo. Mvua inayotiririka kwenye turubai hutua kwenye ukingo huo na kupenya ndani. Turubai lishuke chini ya ukingo kwa sentimita chache.

Na kama utafanyia kazi humo: meza iliyonyooka ya mita 1.5 ikiegemezwa ukutani huacha pengo la karibu sentimita 10 katikati, mahali pazuri pa kupotezea kalamu. Rafu zisitundikwe kwenye kimia. Zisimame sakafuni kwa miguu yake.