Kipa wa mtani kaumia kambini: kwa nini furaha yetu huwa ya mapema?

Agosti 2023, kahawa ya mzunguko wa kwanza ilikuwa haijapoa kijiweni kwetu pale fundi friji, shabiki wa Yanga wa kufa mtu, alipoinua simu juu kama kaokota hati ya kiwanja. "Makolo hawana kipa! Wazee, hawana kipa!"

Makolo ni jina la kejeli tunalowaita watani wa Yanga, Simba, na habari yenyewe ilikuwa ya kweli. Aishi Manula, kipa namba moja wa Simba, alikuwa bado anauguza jeraha alilolipata msimu uliotangulia. Mbrazil Jefferson Luis, aliyesajiliwa Julai kuziba pengo hilo, naye akaumia kambini Uturuki kabla hajadaka hata mechi moja ya mashindano. Muuza kahawa wetu, mzee wa Msimbazi, yaani Simba, tangu ujana wake, hakuacha kugonga vikombe. "Ally si yupo?" akauliza. Watu wakacheka.

Tarehe 13 mwezi huohuo, Mkwakwani, Tanga, fainali ya Ngao ya Jamii. Dakika tisini zikaisha 0-0, ikaja mikwaju ya penalti. Ally Salim, kipa wa tatu wa Simba, yule waliyemcheka, akapangua penalti tatu za Yanga na Simba wakabeba ngao kwa 3-1. Kwa siku kadhaa fundi friji alikuwa akipitia njia ya nyuma ya msikiti ili asipite mbele ya kijiwe.

Swali nililobaki nalo ni hili: kila Julai na Agosti tunahesabu majeruhi wa watani kwa bidii kuliko tunavyohesabu usajili wetu wenyewe, na karibu kila mara hesabu inatoka kombo. Kwa nini?

Tuanze na mwili wa mchezaji, maana hapo ndipo mengi yanapojificha. Ligi ikiisha, mchezaji anapata likizo ya wiki kadhaa. Anakula harusi, anasafiri kwao, anacheza ndondo mtaani ingawa mkataba unamkataza. Akirudi kambini, pumzi ndiyo inayorudi haraka. Ndani ya wiki mbili au tatu za kukimbia anajisikia mzima, anapiga stori na waandishi kwamba yuko fiti. Misuli nayo inafuata. Kinachochelewa ni kano, zile kamba ngumu zinazofunga misuli kwenye mifupa. Kano huzoea mzigo polepole kuliko moyo na mapafu, na hazina lugha ya kukwambia kwamba bado. Kwa hiyo kuna kipindi, mara nyingi katikati ya kambi, ambapo kichwa na pumzi vinasema twende, na mguu haujafika.

Hapohapo kocha ana wiki tano au sita tu, na wakati mwingine ni kocha mpya anayetaka kuonekana kazini. Mazoezi mara mbili kwa siku. Asubuhi gym na mbio, jioni mpira. Mechi za kirafiki kila baada ya siku tatu, kwenye nyasi ambazo mguu haujazizoea, baada ya safari ndefu ya ndege.

Sasa sikiliza jambo ambalo hata mimi lilinishangaza. Daktari Msweden Jan Ekstrand na wenzake wamekuwa wakifuatilia majeraha ya klabu kubwa za Ulaya chini ya UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, tangu 2001. Waligundua kwamba majeraha ya ghafla, yale ya kugongwa, kuteguka au kuchanika nyama za nyuma ya paja, hutokea zaidi msimu ukiwa umeshika kasi. Maandalizi ya msimu yana majeraha yake mengine: ya kuchosha sehemu moja ya mwili kupita kiasi, yanayojijenga kidogokidogo. Uchunguzi uliofanyika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha vilevile: ule ukano mnene wa nyuma ya kifundo, unaounganisha kigimbi na kisigino, unalalamika kambini kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Maana yake kwa shabiki ni nini? Kwamba neno "kaumia" likitoka kambini Agosti, uwezekano ni mkubwa kuwa ni kitu cha kupumzisha wiki moja au tatu, si cha kufunga msimu. Lakini kichwa cha habari hakikwambii hivyo. Kichwa cha habari kinasema "PIGO!" Na klabu nayo haina haraka ya kufafanua, kwa sababu hakuna kocha anayetaka mpinzani wa mechi ya kwanza ajue nani atakuwepo. Daktari wa timu anasema "tunaendelea kumfuatilia", na sisi kijiweni tunajazia yaliyobaki.

Nyama ya paja iliyovutika kidogo ni wiki mbili, tatu. Ikichanika vizuri ni miezi. Goti ndilo la kuogopa, na ndani ya goti kuna ile ligamenti ya mbele inayoitwa ACL, inayozuia mfupa wa chini usiteleze mbele. Hiyo ikikatika, fundi wake ni daktari wa upasuaji, na mchezaji humuoni uwanjani kwa miezi tisa hivi, wakati mwingine mwaka. Na mara nyingi hukatika bila mtu kumgusa. Mguu umekanyaga, mwili umegeuka, goti limebaki. Ndiyo maana utaona mchezaji kaanguka peke yake katikati ya uwanja na mabeki wanaangaliana.

Lakini hata ACL haimalizi timu, na wiki ileile ya Tanga ilitupa ushahidi kutoka Hispania. Tarehe 10 Agosti 2023, siku mbili kabla ya mechi yao ya kwanza ya ligi, Thibaut Courtois, kipa wa Real Madrid, alikata ACL mazoezini. Tarehe 12, kwenye mechi hiyo ya kwanza kule Bilbao, beki Éder Militão akakata ya kwake. Mashabiki wa Barcelona, hata wa huku kwetu ambao Camp Nou wameiona kwenye kibanda umiza tu, walianza kupanga sherehe. Desemba akakatika wa tatu, David Alaba. Kipa, beki, beki. Safu nzima ya nyuma wodini.

Madrid walimaliza ligi na pointi 95, Barcelona wa pili na 85. Wakachukua na Ligi ya Mabingwa, Wembley, kwa kuwafunga Borussia Dortmund 2-0. Kipa aliyeazimwa kutoka Chelsea, Kepa, ndiye aliyetarajiwa kumrithi Courtois, ila katikati ya msimu nafasi ikachukuliwa na Andriy Lunin, mtu wa benchi kwa miaka. Usiku wa robo fainali pale Manchester, mikwaju ya penalti dhidi ya City, Lunin akadaka ya Bernardo Silva na ya Mateo Kovačić. Ukimwangalia usiku ule unamkumbuka Ally Salim bila kupenda.

Nadhani kosa letu kubwa ni kutoa tu bila kujumlisha. Tunamtoa Courtois kwenye kikosi na kuacha tundu. Kumbe kwenye soka hakuna tundu, kuna mtu wa pili, na ubora wa timu unapimwa na umbali kati ya wa kwanza na wa pili. Kwa kipa umbali huo una tabia yake. Kipa wa pili hapati dakika, kwa hiyo hatumjui, na tusichokijua tunakidharau. Tena yule wa pili akipangwa anapangwa moja kwa moja, mechi baada ya mechi, anazoea. Kiungo wa akiba hapati bahati hiyo, leo anaanza, kesho anarudishwa benchi.

Nisieleweke vibaya. Majeruhi wanaumiza timu kweli, ila kwa namna nyingine. Watafiti haohao wa UEFA walipolinganisha klabu msimu kwa msimu kwa miaka 11, waliona kwamba timu yenye majeruhi wachache na wachezaji wengi walio tayari kwa mechi humaliza juu zaidi kwenye msimamo. Kinachohesabika hapo ni siku zote zilizopotea kwa kikosi kizima. Kikosi cha watu 25 kwa kiwango kile kinatarajiwa kupata majeraha kama 50 kwa msimu mmoja, yaani mawili kwa kila kichwa. Kwa hiyo habari ya jeraha moja, hata la nyota, ni tone kwenye ndoo.

Chelsea ya msimu huohuo wa 2023/24 ndiyo mfano wa ndoo iliyojaa. Julai beki Wesley Fofana, ACL. Tarehe 2 Agosti, mechi ya kirafiki na Dortmund mjini Chicago, kwenye uwanja uliolalamikiwa kwa nyasi zake, mshambuliaji mpya Christopher Nkunku akaumia goti na hakucheza mechi ya ligi mpaka Desemba. Wakafuata wengine na wengine. Walimaliza wa sita. Hapo mtani alikuwa na haki ya kucheka, ila angepaswa kusubiri mpaka Januari aanze.

Kuna jingine ambalo huwa halisemwi kijiweni, nalo ni kwamba tarehe ya kurudi si tarehe ya kuwa sawa. Katika takwimu za Ekstrand, kati ya majeraha ya nyuma ya paja, karibu asilimia 18 yalikuwa ni ya kurudia palepale, na mengi ya hayo yalitokea ndani ya miezi miwili tangu mchezaji aruhusiwe kucheza. Msuli umepona, lakini haujapimwa na mbio za dakika ya 80. Kwa kipa ni macho na miguu: ule muda wa kuamua utoke au ubaki, unaopatikana kwa mechi tu.

Tarehe 5 Novemba 2023 tuliliona hilo kwa uchungu, au kwa raha, inategemea unakaa upande gani wa benchi la kahawa. Manula alikuwa amerudi. Watu wa Msimbazi walikuwa wamemsubiri miezi, na siku ya dabi akakaa golini. Yanga 5, Simba 1. Sitamtwika yeye mabao yale, maana siku ile Maxi Nzengeli alikuwa akipita katikati ya viungo wa Simba kama anapita kwenye shamba lisilo na mwenyewe, na hakuna kipa angemaliza jioni ile akitabasamu. Ila angalia kilichotokea: Yanga walicheka Agosti kwa kuwa kipa hayupo wakapigwa na kipa wa tatu, kisha wakapiga tano siku kipa yupo. Fundi friji alikuja kijiweni na vidole vitano hewani na hakuvishusha mpaka Krismasi.

Ungedhani hapo tungekuwa tumejifunza.

Mwaka uliofuata Simba wakaweka kambi Misri. Kipa wao sasa alikuwa Mmoroko Ayoub Lakred, ambaye alikuwa amejipatia namba msimu uliopita. Akaumia, kambini, kabla ya ligi. Asubuhi hiyo nilikuwepo. Fundi friji akafika na simu, uso umeng'aa, maneno yaleyale. "Hawana kipa tena, wazee. Mwaka wa pili huu. Hiyo timu imelogwa."

Tulicheka, na mimi nikiwemo. Simba waliingia sokoni haraka wakamleta Moussa Camara kutoka Guinea. Msimu ulipoisha ndiye aliyekuwa akiongoza ligi kwa mechi alizotoka bila kufungwa, na Simba walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, jambo ambalo hawakulifanya wakiwa na kipa aliyeumia. Ubingwa wa ligi ulikwenda Yanga hata hivyo, jambo ambalo fundi friji ananikumbusha kila nikianza kuyasema haya.

Lakini siku ile ya Agosti hayo yote yalikuwa hayajatokea. Mzee wa kahawa alimsikiliza fundi mpaka mwisho, akamimina, akasukuma sahani ya kashata mbele yake.

"Sawa, mwanangu," akasema. "Kaumia. Sasa wa pili wake unamjua?"

Fundi friji akafungua simu tena, akaanza kutafuta.