Binti wenye nundu

Mzee mmoja jirani yetu kule Kibosho anafuga perege kwenye bwawa linalojazwa na mfongo, mfereji wetu wa maji ya mlimani. Mwezi uliopita alinipigia: "Mwalimu, maji yamekuwa kijani, na kuna vidude vyeupe vinacheza. Havitanimalizia vifaranga?" Nikachota kwa chupa tupu ya maji ya kunywa, nikarudi nayo Moshi mjini kwenye hadubini.

Alikuwa Asplanchna, rotifa, yaani kiumbe kidogo cha majini, tena pande la mtu kwa ukoo wake: anakaribia milimita 1, ilhali wenzake wengi hawafiki hata nusu. Ni kimfuko cha nailoni kilichojaa maji, unaona mpaka ndani. Huyu wangu alikuwa amemeza Brachionus, rotifa mwenzake mdogo, mzimamzima, gamba na miiba yake, na kando ya tumbo mtoto anajigeuzageuza. Hana utumbo wala njia ya haja; akishasaga, makapi anayatema kwa mdomo uleule. Nilikaa nimsubiri ateme. Chai ikapoa.

Miaka ya 1960 mtafiti wa Marekani, John Gilbert, alifuga spishi mojawapo, Asplanchna sieboldi, kwa kuwalisha paramesia, viumbe vya seli moja, waliokulia bakteria. Walizaana vizuri tu, kizazi baada ya kizazi, majike watupu, vimfuko watupu. Akaongeza vitamini E. Mama walewale wakaanza kuzaa binti wakubwa, wenye nundu mwilini, na baadhi ya binti hao ndio waliozaa madume. Rotifa hajitengenezei vitamini hiyo, mwani ndio unaoitengeneza. Brachionus anakula mwani, Asplanchna anamla Brachionus, na habari kwamba bwawa limestawi inamfikia mtoto angali tumboni. Mimi hapo ndipo huwa nasahau kula.

Nundu zenyewe si urembo. Vitamini ikiwepo na windo likiwa kubwa, hutokea umbo la tatu, jitu lenye mdomo mpana kama kengele, linalomeza hata ndugu zake. Mwenye nundu hukwama mdomoni.

Wa mzee walikuwa vimfuko tu. Kuna spishi zisizoota nundu hata uzilishe nini. Nikampigia: "Mzee, wasikutishe, perege wako wachanga ndio watakaowala hao."

Na anayemla rotifa hula pia alichokula rotifa. Wanaototolesha samaki wa baharini wanalijua hilo: rotifa aliyelishwa hamira peke yake hushiba na kuzaana, lakini hana mafuta ya omega-3 ya kutosha, na kifaranga anayemtegemea hudhoofika na kufa. Ndiyo maana hulishwa kwanza mwani au mafuta ya samaki, saa chache kabla ya kuliwa.

Mzee akauliza: "Basi samadi ya kuotesha mwani niendelee kutia?" Nikamwambia atie, ila alfajiri apite bwawani. Akikuta perege wamepanda juu wanatweta, hewa ya usiku imewaishia majini. Siku hiyo aache samadi, afungulie mfongo.