Harry Mudd hakuuza tribble

Wapenzi wengi wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya miaka ya 1960, huamini kwamba Harry Mudd, yule tapeli mnene mwenye masharubu na maneno matamu, ndiye aliyeleta tribble: wale viumbe wa mviringo, manyoya matupu, wanaonguruma taratibu kama paka na kuzaana bila breki.

Aliyewauza ni Cyrano Jones, mchuuzi mwingine kabisa. Kuwachanganya ni rahisi. Wote wanene, wote wacheshi, na sehemu zao zilirushwa mwaka 1967 zikipishana kwa chini ya miezi miwili: ya Mudd Novemba 3, ya Jones Desemba 29. Mudd ana visa vyake. Mwaka 1966 alisafirisha wanawake watatu waliokuwa wakimeza vidonge vya kuwarembesha, ili awatafutie waume. Mwaka uliofuata tukamkuta akijiita mfalme kwenye sayari ya roboti, na adhabu yake (hapa mimi hucheka kila mara) ikawa kuachwa huko na nakala chungu nzima za mkewe Stella, zote zikimgombeza. Jones yeye aliamriwa aokote tribble wote kwenye kituo cha angani walikozaana, kazi iliyokadiriwa kuchukua miaka 17.9.

Ukitaka kuhakikisha, usitegemee kumbukumbu wala picha zinazosambazwa kwenye simu. Fungua sehemu yenyewe, sikiliza anaitwa nani, kisha tazama majina ya wahusika yanayopita mwishoni. Kati ya sehemu 79 Mudd anaonekana katika 2 tu, kwa hiyo jioni moja inatosha.