Ashapandikizwa figo, basi ashapona?

Mtu akirudi Mombasa na figo mpya, barazani Mji wa Kale utasikia, "Alhamdulillahi, ashapona." Hajapona. Ameachana na mashine ya kusafisha damu, na hilo si dogo kwa aliyekuwa akivuka feri ya Likoni mara mbili kwa wiki kwenda kulala kitandani muda wa saa 4. Kazi iliyobaki ni ya umri wote.

Dhana: Mwili ukishaizoea figo, dawa huachwa.
Kwa kawaida hauizoei. Kinga ya mwili huiona figo ile ni ngeni hata baada ya miaka 20. Ndiyo maana takrolimusi, dawa ya kuituliza kinga hiyo, humezwa kila baada ya saa 12, iwe harusi, iwe matanga. Upandikizaji wa kwanza kufaulu, aliofanya Joseph Murray mjini Boston mwaka 1954, ulikuwa kati ya pacha wa kufanana. Kinga haikuwa na la kupinga. Wewe na nduguyo si pacha wa namna hiyo? Meza dawa.

Dhana: Figo ikikataliwa nitaumwa, nitajua.
Mara nyingi huanza kimya. Kreatinini, taka ambayo figo huichuja, hupanda damuni nawe unajihisi mzima. Na siku ya kupima takrolimusi, dozi ya asubuhi ingoje mpaka damu itolewe. Ukitangulia kuimeza, umekwenda bure.

Dhana: Cha asili hakidhuru.
Balungi ni la asili, nalo huzuia mwili kuivunja takrolimusi. Dawa ikirundikana, huiumiza figo ile ile. Chupa ya mitishamba ya soko la Kongowea haina hata karatasi ya kukwambia ina nini. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya kuulizia dukani, nayo iache.

Dhana: Kufunga Ramadhani hakuna neno, dawa ni daku na futari.
Hapa hesabu inakataa. Mombasa, tangu alfajiri mpaka magharibi ni zaidi ya saa 13, kwa hivyo dozi moja huchelewa na nyingine huwahi. Ongeza joto na kiu, ambavyo figo moja haivipendi. Mgonjwa ana ruhusa ya dini kula. Wapo wanaoruhusiwa na daktari kufunga, wengine wakihamishiwa takrolimusi ya mara moja kwa siku, lakini hilo hupangwa na kupimwa kabla mwezi haujaandama, si usiku wa daku ya kwanza.