Kiti cha magurudumu hakimwondolei mtu swala

Mombasa bado utasikia: "Huyo hajiwezi, Mungu kamsamehe swala." Sivyo. Imran bin Husayn, sahaba aliyeugua bawasiri, aliambiwa na Mtume (SAW) aswali kwa kusimama. Asipoweza, kwa kukaa. Asipoweza, kwa ubavu. Kilichosamehewa ni kusimama.

Aliye kitini huinama kwa rukuu, na kwa sijida huinama zaidi. Wengi hukosea hapo, wakainama sawasawa. Asiyeweza hata kuinamisha kichwa huashiria kwa kope. Katika udhu, aliyekatwa mkono chini ya kiwiko huosha kipande kilichobaki.

Na magurudumu? Vumbi la njiani si najisi. Yafute kwa kitambaa kibichi, mkeka usichafuke. Kizuizi hasa ni ngazi ya mlango wa msikiti: kidato cha kimo cha sentimita 15 chataka mteremko wa urefu wa sentimita 180. Ukifupishwa, kiti huweza kupinduka.