Maji magumu: chokaa iliyofichama kwenye maji ya bomba

Chukua sufuria unayochemshia maji ya kunywa kila siku, ikaushe, kisha pitisha ukucha kwenye kitako chake kwa ndani. Ukikuta kitu cheupe kimegandamana kama ukoko, kinachokwaruza na kuacha unga chini ya ukucha, basi maji yanayofika nyumbani kwako ni maji magumu.

Wengi wakiuona ukoko huo huingiwa na hofu: huenda mabomba yameoza, huenda tunakunywa uchafu. Mwingine hukosea upande wa pili. Maji yake hayaachi alama yoyote, yanang'aa kwenye glasi, basi anayaamini bila kuuliza. Kosa lao ni moja, kwani wote wawili wameuchukua ugumu wa maji kuwa ndio kipimo cha usafi wake. Ugumu ni jambo moja na usalama ni jambo jingine. Ukishayatenganisha hayo mawili, utajua maji yapi ya kuhangaika nayo na yapi ya kuyaacha yalivyo.

Maji huitwa magumu yanapokuwa yamebeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Madini haya huyaoni, kwa kuwa yameyeyuka kabisa kama sukari kwenye chai. Ukiyachuja maji kwa kitambaa, madini yanapita. Ukiyaacha yatuame usiku kucha, hakuna kinachozama. Anayeyagundua wa kwanza ni anayefua. Anasugua na kusugua, povu halitoki, na juu ya maji panatanda utando wa kijivu unaonata kwenye beseni. Ndipo utasikia watu wakisema maji haya "yanakataa sabuni".

Wapo wanaoyaita maji ya chumvi. Mkemia hatawapinga, maana chumvi ziko za namna nyingi, lakini jina hilo linachanganya. Maji yanaweza kuwa magumu sana na bado yasiwe na ladha ya chumvi hata kidogo. Chumvi ya mezani ni ya sodiamu, na sodiamu haihesabiwi katika ugumu.

Madini hayo yanatoka wapi? Mvua inaponyesha, maji yake ni laini, karibu hayana madini. Njiani hunyonya hewa ya ukaa kidogo, na yakizama ardhini hunyonya zaidi, kwa sababu mizizi na vijidudu vya udongoni hupumua hewa hiyo bila kukoma. Maji yenye hewa ya ukaa ni asidi hafifu. Ulimini hutaihisi, lakini jiwe la chokaa linaihisi. Maji yakikaa miaka mingi katikati ya miamba ya chokaa au dolomaiti (jiwe la jamii ya chokaa lenye magnesiamu) huila taratibu na kuibeba ikiwa imeyeyuka, katika umbo linaloitwa bikaboneti. Ndiyo maana maji ya kisima kirefu mara nyingi huwa magumu kuliko ya mto unaopita juu ya miamba ya matale, na nyumba mbili zenye vyanzo tofauti zinaweza kupata maji yasiyofanana kabisa. Hata bomba moja linaweza kubadilika katika mwaka, chanzo kikipungua na maji ya kingine yakachanganywa.

Sasa yapashe moto maji hayo. Hewa ya ukaa inatoroka, na bila hiyo chokaa haiwezi kuendelea kuyeyuka, hivyo inarudi kuwa jiwe. Jiwe hilo ndilo ukoko wa sufuria yako. Mapangoni hali ni ileile ila kwa polepole: tone linaning'inia kwenye dari, hewa ya ukaa inatoka, chembe ya chokaa inabaki, na baada ya maelfu ya miaka pananing'inia nguzo ya mawe. Birika halina subira hiyo kwa sababu moto unaharakisha kila kitu.

Ugumu unaoondoka kwa kuchemsha huitwa ugumu wa muda. Upo pia ugumu wa kudumu, unaotokana na salfeti na kloraidi za kalsiamu na magnesiamu, kwa mfano pale maji yanapopita kwenye jasi. Huo hauondoki hata uyachemshe mpaka jioni. Maji mengi ya bomba yana aina zote mbili, kila moja kwa kiasi chake.

Ugumu hupimwa kwa miligramu katika kila lita, madini yote yakihesabiwa kana kwamba ni chokaa, yaani kalsiamu kaboneti. Mgawanyo mmoja unaotumika sana unasema hivi: hadi 60 ni maji laini, 61 hadi 120 yana ugumu kiasi, 121 hadi 180 ni magumu, na zaidi ya 180 ni magumu sana. Mashine za kufulia na za kuoshea vyombo zilizotengenezwa Ulaya mara nyingi huandika digrii za Kijerumani, ambapo digrii moja ni miligramu 17.8 hivi. Kwa hiyo mashine ikikuambia 10, soma 178.

Tarakimu hizo haziingii akilini mpaka uzibadilishe kuwa sabuni. Ndoo ya lita 20 yenye maji ya ugumu wa 300 imebeba sawa na gramu 6 za chokaa. Sabuni ya kipande ni chumvi iliyoundwa kwa sodiamu kushikana na mafuta. Ikikutana na kalsiamu inaiachia sodiamu na kushikana na kalsiamu, na kinachotokea hakiyeyuki. Huo ndio utando wa kijivu. Ukipiga hesabu ya kikemia, gramu 6 hizo humeza zaidi ya gramu 36 za sabuni halisi kabla povu la kweli halijaanza. Sabuni hiyo yote haijasafisha chochote, imetumika kupambana na jiwe. Sabuni za unga zimetengenezwa kwa namna nyingine: nyingi hazifanyi utando, na huwekewa viungo vya kukamata kalsiamu. Ndiyo maana katika maji magumu unga huwa na nguvu kuliko kipande.

Unaweza kulipima hili mwenyewe. Tafuta chupa mbili za ukubwa mmoja, safi. Moja uitie maji ya mvua uliyoyakinga moja kwa moja bila kupitia bati chafu, nyingine maji ya bomba, kila moja hadi nusu. Parua kipande cha sabuni, uyeyushe paruo katika maji ya mvua ya moto kidogo, kisha udondoshe tone moja moja kwenye kila chupa huku ukitikisa baada ya kila tone. Hesabu matone mpaka povu lisimame dakika nzima bila kuvunjika. Chupa ya mvua itatosheka kwa matone machache. Ya bomba, kama maji ni magumu, itaendelea kumeza huku ikigeuka rangi ya maziwa. Katika karne ya 19 wakemia walipima ugumu kwa njia hiihii ya sabuni, na sioni njia bora zaidi ya kumwonyesha mtoto kwamba maji meupe pe yanaweza kuwa yamebeba jiwe.

Kinachoumia zaidi nyumbani ni chochote kinachopasha maji moto. Ukoko haupitishi joto vizuri, kwa hiyo koili iliyofunikwa hulazimika kuwaka zaidi ili kufikisha joto lilelile, na mwisho huungua. Bomba la bafuni hurusha maji upande kwa sababu matundu yake yameziba. Taulo hukauka likawa kakavu. Chai ya rangi hufanya utando unaopasuka kama barafu nyembamba. Hata maharage huchelewa kuiva, kwa kuwa kalsiamu hukaza pektini inayoshikilia kuta za chembechembe zake.

Na afya je? Hapa nataka nieleweke vizuri. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya afya, maana hakuna ushahidi thabiti kwamba ugumu wenyewe unadhuru. Kalsiamu na magnesiamu mwili unazihitaji. Wazazi wa watoto wenye ukurutu mara nyingi huambiwa wafunge mtambo wa kulainisha maji. Uingereza walilijaribu jambo hilo kwa watoto 336, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 hayakuonyesha nafuu yoyote ya ziada ya ugonjwa kutokana na mtambo huo. Anayekuuzia mashine kwa kukuonyesha ukoko wa birika na kuuita sumu anakutisha bure.

Vinavyostahili hofu havionekani kwenye birika. Vijidudu vya kinyesi, floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, nitreti, aseniki na risasi vyote vinaweza kuwamo kwenye maji laini yanayong'aa. Tena maji laini sana yenye asidi kidogo hula mabomba kwa urahisi zaidi na kuyeyusha shaba au risasi iliyomo, ilhali katika mabomba yenye maji magumu tabaka jembamba la chokaa huweza kuwa kinga. Kwa hiyo ukiomba majibu ya vipimo kwa mamlaka ya maji, au ukipeleka sampuli ya kisima maabara, usiishie kwenye ugumu. Wala usikitegemee kile kikalamu cha kidijitali kinachouzwa kupimia maji. Kinapima jumla ya vilivyoyeyuka vyenye chaji ya umeme, hakikwambii ni nini, na vijidudu hakivioni kabisa.

Tuje kwenye kukabiliana na ugumu. Ukoko uliokwisha kujijenga huondolewa kwa asidi. Chomoa birika kwenye umeme, tia siki na maji nusu kwa nusu mpaka yafunike ukoko, yapashe yawe vuguvugu, acha nusu saa hadi saa nzima. Sogeza sikio: utasikia mchemko mdogo ingawa hakuna moto. Ile ni hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe, inatoka tena. Mwaga, sugua kwa sifongo, suuza, chemsha maji mara moja uyamwage. Unga wa asidi ya sitriki hufanya kazi ileile bila harufu, ila usiuchemshe sana, kwa kuwa kwenye moto mkali unaweza kuacha mashapo yake mengine meupe. Siki usiiweke kwenye jiwe la marumaru, kwa kuwa jiwe hilo nalo ni kalsiamu kaboneti kama ukoko wenyewe, litaliwa. Na kamwe usichanganye siki wala asidi yoyote na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: hutoka gesi ya klorini, nayo inaua.

Kwa kufua, dawa ya zamani bado ni nzuri: magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti. Kwa ile ndoo yetu ya ugumu wa 300, gramu 6 hadi 7 zinatosha kuiangusha kalsiamu, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Koroga, subiri dakika chache maji yafanye ukungu, ndipo utie sabuni. Vaa glavu kama ngozi yako hukauka upesi. Maji hayo ni ya kufulia tu, si ya kunywa.

Mitambo mikubwa ya maji ina njia inayoshangaza ukiisikia mara ya kwanza: chokaa huondolewa kwa kuongeza chokaa. Thomas Clark, mkemia wa Aberdeen, aliipatia hataza mwaka 1841. Chokaa iliyozimwa, yaani iliyochomwa kisha ikatiwa maji, hudaka ile hewa ya ukaa iliyoishikilia chokaa iliyoyeyuka, na zote mbili huanguka chini pamoja.

Mtambo wa nyumbani hufanya kazi kwa kubadilishana. Ndani yake mna punje za resini, aina ya plastiki, zilizoshikilia sodiamu. Maji yakipita, punje hudaka kalsiamu na kuachia sodiamu. Zikijaa, huoshwa kwa maji ya chumvi nyingi na kuanza upya. Kila miligramu 100 za ugumu unaoondolewa huacha miligramu 46 za sodiamu. Maji ya ugumu wa 300 yatapata 138 kwa lita, na anayekunywa lita mbili kwa siku ameongeza karibu 276, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku katika vyakula vyote. Kwa mwenye shinikizo la damu hilo si dogo. Kwa hiyo fundi akija kufunga mtambo, mwambie aiache laini ya bomba la jikoni bila kulainishwa, maji ya kunywa, ya kupikia na ya kuchanganyia maziwa ya mtoto yatoke hapo. Mimea nayo imwagilie kutoka hapohapo, maana sodiamu huharibu udongo.

Kabla hujanunua chochote, jua pia visivyosaidia. Shabu hutuliza tope, haigusi ugumu. Klorini huua vijidudu, haigusi ugumu. Kichujio cha mkaa huondoa harufu na ladha, nacho kikiwa peke yake hakigusi ugumu. Sumaku za kufunga kwenye bomba sijaona ushahidi wa kunifanya nimshauri mtu azilipie. Mtambo wa kusukuma maji kupitia utando mwembamba huondoa ugumu na mengine mengi, floraidi ikiwamo, lakini hutupa sehemu ya maji unayouingizia. Una maana pale vipimo vimeonyesha kitu cha hatari, si kwa ajili ya ukoko tu. Na kama tatizo lako ni hita inayoungua kila mara, anza na kidhibiti chake cha joto. Kadiri kinavyowekwa juu ndivyo chokaa inavyoganda haraka. Nyuzi 60 zinatosha, na usishuke sana chini ya hapo, kwa kuwa kwenye tangi la uvuguvugu bakteria wa lejionela, wanaoleta homa ya mapafu, huzaliana.