Mashua isiyozama kina kirefu si lazima ipinduke upesi

Moshi ni mbali na bahari, na wengi hapa huamini kuwa mashua ya tanga ambayo sehemu yake iliyo ndani ya maji haifiki kina cha mita 1 hupinduka upepo ukivuma. Ni wazo linaloeleweka, maana mti wenye mizizi mifupi huanguka.

Lakini mashua huzuiwa kupinduka na upana wake pamoja na farumi, yaani uzito uliowekwa chini kabisa. Ngalawa za Tanga hazizami sana, ila mirengu yake miwili, yaani mbao zinazoelea kila upande, huzishikilia. Mashua nyingi za safari zisizozama kina kirefu zina ubao wa katikati unaoshushwa kwenye kina na kupandishwa penye mchanga. Ukipandishwa wakati wa kubisha, yaani kwenda kuelekea upepo unakotoka, upepo huisukuma mashua pembeni. Huo ndio udhaifu wake halisi. Na ikilala kupita kiasi, ile yenye farumi ndogo hujiinua kwa shida.

Jaribu kwenye beseni la maji: simamisha chupa tupu yenye kifuniko, italala. Tia mchanga kidogo, itasimama. Ukitaka kununua mashua, uliza uzito wa farumi, na mashua huzama kina gani ubao ukiwa juu na ukiwa chini.